Tunaenda Nyarugusu na watoto 120, kipindi cha ushuhuda tukiweke au tukitoe?

Katibu_Buhongwa

Bwana asifiwe wapendwa, na wengine wote salaam. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kukaa na watoto waliokimbia vita, maana kamati yetu imegawanyika na siku zinakimbia.

Sisi ni vijana wa kanisa huku Buhongwa, Mwanza, tupo 14, likizo ya mwezi wa 6 tunaenda kambi ya wakimbizi Nyarugusu, Kasulu, kufanya kambi ya watoto siku tano. Kibali cha Mambo ya Ndani tunakifuatilia kupitia kanisa lililopo humo ndani, hilo linaenda vizuri. Tumeambiwa watoto watakuwa kama 120, miaka 6 mpaka 12, wengi wa Kongo na baadhi Warundi. Hela tumeitafuta tangu mwezi wa 11 mwaka jana, tulikuwa tunachukua dagaa Mwaloni pale Kirumba tunapaki kwenye vifuko tunauza baada ya ibada, kuna dada zetu wawili walikuwa wanaamka saa kumi za usiku kuwahi mzigo. Kwa hiyo sitaki tuende tukaharibu.

Ratiba ilivyo sasa hivi asubuhi nyimbo na michezo, halafu hadithi ya Biblia, kuchora, chakula, mchana kipindi tumekiita Ushuhuda ambapo mtoto anasimama mbele anaeleza alichopitia mpaka akafika pale halafu tunamwombea. Siku ya mwisho zawadi. Nusu ya kamati wanasema hicho kipindi ndo moyo wa safari yote, watoto watoe yaliyo moyoni wapone, na video zitasaidia kupata michango ya mwakani. Nusu wengine akiwemo mwenyekiti wanasema hapana lakini hawana hoja zaidi ya kwamba roho zao hazina amani. Mimi nipo katikati na ndo ninayeandika ratiba. Na swali la pili, mtoto akianza kulia tukiwa wageni tu tunafanyaje?

MamaWawili_Igoma

Katibu, sikiliza roho ya mwenyekiti wako. Mimi nilikwenda na kundi kama lenu miaka kadhaa nyuma nikiwa bado sijaolewa, hata ushuhuda hatukuweka ila tulikosea kwa mchezo tu, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Si mnaujua ule mchezo wa meli inazama, kila kambi ya vijana hapa Mwanza tunaucheza, kiongozi anapiga kelele meli inazamaaa, watatu watatu, mnakimbia mnashikana, anayebaki bila kundi amezama anatoka. Nikaupiga siku ya kwanza, nikiwa na nguvu zote. Wakubwa wakacheza. Kulikuwa na binti wa miaka kama 8 na mdogo wake wa kike, niliposema watatu watatu wenzao wakaja kumvuta yule mdogo akamilishe kundi lao, dada akamng'ang'ania gauni kwa nyuma, hakulia, hakusema kitu, alikuwa amekunja kitambaa chote kwenye ngumi na macho yako kwangu tu. Mimi nikacheka nikamwambia mwachie dada ni mchezo. Kitambaa kikachanika begani. Ndo hapo mama mmoja wa pale aliyekuwa anatusaidia kupika akaja akawachukua wote wawili akawakalisha jikoni kwenye vigogo, baadaye akaniambia kwa upole kabisa kwamba wale walivuka Ziwa Tanganyika usiku na boti, na watoto wengi pale walivuka hivyohivyo, kuna waliovuka na ndugu wakafika bila ndugu.

Na mimi mtu wa Mwanza! Nimekulia Bwiru, mama yangu mkubwa alimpoteza mtoto kwenye ile meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 mwezi wa 5 mwaka 1996, kwetu hakuna mtu anatania neno kuzama mbele yake. Nilijua kabisa kitu hicho kwa mama mkubwa halafu nikashindwa kukijua kwa mtoto wa miaka 8.

Kwa hiyo pitieni michezo yenu mmoja mmoja kabla hamjaondoka. Michezo ya kutolewa nje acheni, ya kujificha na kutafutana acheni, kufumbana macho na kitambaa acheni. Kamba, rede, mpira, kuimba kwa kupokezana, hivyo havina shida. Gauni nililishona jioni ile kwa mkono nikamrudishia kesho yake, akaangalia bega kwanza ndo akalivaa.

Mtumishi_Sengerema

Nawaheshimu ila niseme tofauti kidogo. Ushuhuda unaponya. Mimi mwenyewe nimekuwa mtu mzima na maumivu ya kufiwa, siku niliyosimama madhabahuni nikasema ndo siku nilipumua. Tusije tukawa tunawafunga watoto midomo kwa kuogopa machozi. Machozi si dhambi.

Ustawi_wa_Jamii

Mtumishi nakuelewa na sikatai kilichokutokea wewe. Ila angalia ulivyosimama, ulikuwa mtu mzima, ukachagua siku yako, mbele ya watu wako ambao Jumapili iliyofuata walikuwepo tena. Mtoto wa miaka 9 akiwekwa mbele ya wenzake 120 na mgeni ameshika simu anamrekodi, hajachagua kitu. Anajua mgeni ana biskuti na ana zawadi, atasema anachodhani mgeni anataka. Halafu nyie mnaondoka saa kumi jioni kwenda kulala Makere au Kasulu mjini maana wageni hawalali ndani, yeye anabaki na usiku wake. Nani atakuwa naye akianza kupiga kelele saa nane?

Ndo kazi yangu hii kwa hiyo niseme kwa uhakika. Hata WHO, Shirika la Afya Duniani, haishauri kumlazimisha mtu aliyetoka kwenye janga asimulie mwanzo mwisho. Mwongozo wao wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa 2011 umejengwa kwenye mambo matatu tu, angalia, sikiliza, unganisha. Mtoto akija mwenyewe akakaa karibu na wewe akaanza kusema, msikilize mpaka mwisho, usimkatize, usimdodose, usimwambie usilie, usimwambie Mungu alikuwa na makusudi. Akinyamaza nyamaza naye. Akilia kaa naye hapohapo mpe maji, usimpeleke mbele kuombewa na watu 14. Halafu kuunganisha maana yake siku hiyohiyo mtafute anayehusika na ulinzi wa mtoto kambini umweleze, yeye yupo pale mwaka mzima. Majina na namba za hao watu muwe nazo siku ya kwanza kabla hata ya kufungua mpira.

Video ya mtoto analia, hapana. Huyo mtoto kuna watu aliowakimbia, na sura yake ikizunguka mitandaoni hujui inamfikia nani. Kama ni lazima mpige picha kwa ajili ya wafadhili pigeni mikono inachora, pigeni migongo, pigeni sufuria. Na ruhusa ya picha ombeni kwa mkuu wa kambi pamoja na mzazi au mlezi, msiombe kwa mtoto mwenye pipi mdomoni.

Kingine, kila kijana anayekwenda asaini kwamba hatakaa peke yake na mtoto sehemu ya kujificha, wala hatachukua namba za wasichana. Najua kwenye makanisa tunaaminiana, lakini sainini.

Mwana_wa_Fizi

Nimesoma yote. Mimi ni wa huko, wazazi wangu walitoka Fizi, Kivu ya Kusini, nikazaliwa Nyarugusu. Kambi ile ilifunguliwa 1996, kuna watu wamezaliwa mule wakazaa mule. Sasa niko Mwanza kwa masomo.

Jambo la kwanza msiite kambi ya watoto. Kwenu kambi ni likizo, ni moto wa jioni na gitaa. Sisi kambi ndio anuani. Ukimwambia mtoto nimekuletea kambi hatakuelewa, au atakuelewa vibaya, kuna waliohamishwa kutoka kambi hii kwenda ile, Mtendeli ilifungwa 2021 Warundi wa pale wakapelekwa Nduta, neno hilo kwa mtoto linamaanisha panga vitu tunaondoka. Iteni juma la michezo, iteni vyovyote.

Pili, watoto wa Kongo wanaongea Kiswahili lakini si hiki cha kwenu. Atakuambia mama iko ku shamba, ataomba kaye na biki, hizo ni daftari na kalamu. Wageni walikuwa wanacheka wanamrudishia sema hivi, sema vile. Mtoto anaamua kunyamaza siku tano. Mkicheka, yeye hajui mnacheka neno, anajua mnamcheka yeye na mama yake. Warundi wadogo wengine Kiswahili hawana kabisa, tafuteni vijana wa palepale wawe viongozi pamoja nanyi, wapo na wana akili na wanajua kila nyumba, msiwafanye wabeba maji.

Tatu, mimi nilitoa ushuhuda. Nilikuwa na miaka 10. Sikuwa nimeona vita, nimezaliwa Tanzania, lakini niliona aliyesimama kabla yangu akieleza habari ya baba yake amepewa daftari mbili, nikasimama nikaeleza habari ya baba wa jirani yetu kama ni baba yangu. Mgeni akalia, akanikumbatia. Nilipewa daftari mbili. Mtoto wa huyo jirani alikuwa amekaa mstari wa tatu ananisikia. Hatukuongea na yeye mwaka mzima, na nyumba zao na zetu zilitazamana.

Wageni walikuja wengi, siwakumbuki. Namkumbuka mmoja, alikuwa kaka mrefu ametokea upande wa Geita, siku ya kwanza aliandika majina yetu kwenye daftari na kila asubuhi alisoma majina yote, pole pole, na kama hujaja aliuliza yuko wapi, mtu akatumwa nyumbani kuangalia. Alisema nitakuwepo siku nne na siku ya tano asubuhi nitawaaga. Siku ya tano asubuhi akatuaga. Ni hivyo tu. Wengine walisema tutarudi Krismasi.

Dereva_Nyakanazi

Mimi sio mtu wa mambo ya watoto ila barabara naijua. Siku hizi mmerahisishiwa, daraja la Kigongo-Busisi lilifunguliwa mwezi wa 6 mwaka 2025, kilomita 3 mnapita dakika chache, zamani foleni ya feri tu ilikuwa inakula asubuhi yenu. Mnakwenda Sengerema, Geita, Katoro, mnatokea Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, Kasulu. Tokeni alfajiri mfike mchana kweupe, msipange kuingia kambini siku hiyohiyo, laleni kwanza. Dagaa mkibeba muwe mmewakausha sawasawa, wakiwa na unyevu ndani ya viroba vya plastiki wanaoza mkiwa bado njiani.

Ustawi_wa_Jamii

Kwa hao dagaa, chakula msigawe kienyeji. Watu wa pale wanaishi kwa mgao wa chakula wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na huo mgao umepunguzwa mara kadhaa ufadhili ulipopungua, ukifika na kiroba mbele ya watoto 120 na nje ya uzio wamesimama wengine 300, unaleta msongamano na ugomvi. Pikeni, wale hapohapo, kwa utaratibu mtakaopewa na uongozi. Na mkiona mtoto anakula nusu nusu nyingine anaificha kwenye nguo msimkemee, ana mdogo wake nyumbani. Mwongezeeni kimyakimya.

Katibu_Buhongwa

Nimewasomea kamati yote jana usiku baada ya mazoezi ya kwaya, niliposoma ya ndugu wa Fizi kuhusu daftari mbili hakuna aliyeongea. Yule kaka aliyekuwa anakitetea zaidi kipindi cha ushuhuda ndiye aliyesema tukifute, akaomba yeye apewe daftari la majina.

Ratiba mpya mchana ni kamba, rede, mpira na kuchora, na kwenye kuchora hatutawaambia chora ulikotoka, kila mtu achore anachotaka. Zawadi ya siku ya mwisho tumefuta, kaye na biki zitagawiwa siku ya kwanza, kila mtoto sawa na mwenzake, zinazobaki zinaachwa kwa walimu wa shule za humo. Simu zitakaa kwenye begi moja la mwenyekiti mpaka tutoke getini. Fomu ya kusaini dada mmoja mwanasheria ameshaanza kuiandika. Jina tumeshindwana bado ila kambi tumeliondoa.

Ndugu wa Fizi, samahani kukuomba zaidi. Alhamisi ijayo saa kumi na moja jioni tunakutana kanisani, ungeweza kuja utufundishe kusoma hayo majina? Tumetumiwa orodha ya kwanza ya watoto 40 na kuna majina hatujui tuyatamkeje, na hatutaki kuwakosea asubuhi ya kwanza.

Mwana_wa_Fizi

Nitakuja. Orodha msiipige picha wala kuituma kwenye grupu, nitaisoma hapohapo. Na kama mnaweza anzeni mazoezi ya kuhesabu mpaka 120 kila watoto wanapohama sehemu moja kwenda nyingine, kwa sauti ya kawaida, msitumie filimbi.