Mrejesho: baiskeli ya umeme kwenye msafara wa Kilifi

Asalaam aleikum wadau, ni mie niliyeuliza kama ni sawa kuingia na baiskeli ya umeme kwenye msafara wa baiskeli wa Mombasa hadi Kilifi na kurudi, kama kilomita 120 hivi, kwa sababu ya goti langu. Shukran sana kwa wote mlojibu, hata mlonicheka.

Nilifuata ushauri wa yule aliyesema nimwambie kiongozi mapema, na kiongozi akakubali bora nikae nyuma nisivute kundi. Kwenda raha tupu, kusi inatusukuma, mota nimeiweka nguvu ya chini kabisa, na yangu ikifika spidi ya kilomita 25 kwa saa mota inakata yenyewe kwa hivyo hakuna cha kuwaacha watu, wao ndio walioniacha mie kule Vipingo maana hili chuma lina kilo 24.

Shida kurudi. Ule ushauri wa kubeba chaja niliupuuza (najua, najua), upepo wa uso ukanifanya nipandishe nguvu ya mota, na kabla ya Mtwapa taa ya betri ikawaka nyekundu mara mbili tatu ikazima. Kilima cha baada ya daraja la Mtwapa nikasukuma kwa miguu, jasho mpaka ndani ya viatu, na yule mzee aliyenung'unika tangu asubuhi ati hiyo ni pikipiki akashuka akashika kiti tukasukuma wote, hakusema neno.

Wamesema nije tena, ila na chaja, nichaji Kilifi wakati wa chakula. Goti halikuvimba.