Wauza mapambo wa Arusha, acheni kuchinja santuri!

Wakuu, heshima kwenu. Mods, msiupeleke uzi huu jukwaa la burudani. Hapa hakuna burudani.

Jana nimeingia duka moja la vinyago mjini kati, haya yanayosubiri watalii washuke kutoka mbugani. Ukutani wamepanga majalada ya LP, zile santuri kubwa za nyimbo nyingi, za bendi zetu za zamani kwenye fremu za kioo. Nikauliza, santuri zenyewe ziko wapi? Kijana akanionyesha rafu ya chini: saa za ukutani! Tundu la katikati lilikuwepo tayari, wao wamepachika mishale tu. Nyingine wamezipasha kwenye oveni mpaka zikalegea, wakazikunja bakuli za karanga. Eti "tunazipa maisha mapya". Maisha gani? Muziki umo humo humo kwenye ile mifereji, ukiikunja umeua.

Nikageuza fremu moja. Nyuma wamepiga gundi na kadibodi. Hapo ndipo damu ilipochemka, maana nyuma ya jalada ndiko kwenye majina: nani kapiga gitaa la solo, nani rizimu, nani besi, wimbo katunga nani. Nyimbo nyingi za dansi zilitoka kwenye visanturi vidogo vya mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande, bahasha ya karatasi yenye jina la kampuni na tundu katikati. Sura ya mwanamuziki huioni. LP ndiyo iliyotuachia sura: vijana wamesimama na magitaa, suruali za bugaluu, raizoni miguuni, afro kama mwavuli. Jalada la inchi 12 unalishika kwa mikono miwili. Leo linabandikwa kibandiko cha bei usoni, ukikibandua kinaondoka na pua ya mpiga tarumbeta.

Na asije mtu kuniambia zipo nyingi. Bendi zetu zilirekodi RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) kwenye tepu, lakini santuri zilichapwa Nairobi. Mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Zilizobaki kwenye makabati ya wazee ndizo hizo. Na Arusha hii ndiyo ya kufanya hivi? Wanamuziki ndugu akina Kinyonga walipotoka Tanga walipiga hapa hapa kama Arusha Jazz, kabla hawajavuka kwenda Kenya na kuwa bendi ya Simba Wanyika.

Nikamwomba aniuzie zile ambazo hazijaguswa, jalada na santuri yake. Akasema zina oda ya hoteli, zote zinakuwa saa. Nyingine ziko dirishani juani, tayari zimepinda kama chapati.

Wenye maduka, mkitaka pambo, pigeni picha jalada, mkachapishe nakala stesheneri. Mtalii hatajua tofauti. Na wewe mkuu mwenye santuri za marehemu mzee stoo, kabla hujawapa hawa jamaa, nicheki inboksi. Nalipa, na hela ya bodaboda ni juu yangu. Hata kama jalada limeliwa na panya pembeni, lilete.