Naomba ushauri: mama kaambiwa moyo umeshindwa kazi

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa. Mama yangu ana miaka 67, yupo Morogoro. Presha anayo tangu 2009, ila dawa alikuwa anameza siku akijisikia vibaya tu. Mwezi uliopita miguu ilivimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na usiku halali bila mito mitatu. Kapimwa eko (kile kipimo cha picha ya moyo), kila pigo moyo unasukuma nje asilimia 30 tu ya damu iliyomo. Daktari akasema "moyo kushindwa kufanya kazi", akaandika Lasix (dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo) na dawa nyingine mbili, foleni ndefu, tukatoka.

Nilijua moyo unasimama muda wowote. Muuguzi ndiye kanituliza: unapiga, ila hausukumi damu vya kutosha, ndiyo maana maji yanabaki miguuni na mapafuni. Kumbe hata mzima hafiki 100, kawaida ni 55 kwenda juu.

Sasa, kuna ambaye mzazi wake alianzia 30 ikapanda kwa dawa? Na maji ya kunywa mnampimia kiasi gani kwa siku? Uzito tunampima kila asubuhi. Chumvi ndiyo vita, juzi nimemkuta na ng'onda jikoni.