Hilux breki za dramu nyuma, pedeli inazama na tairi moja linapata moto, nianzie wapi?

mpakia_mwani
Assalam alaykum ndugu zangu. Nna Hilux dizeli ya zamani, mbele diski nyuma dramu, naitumia kubebea mwani kutoka pwani ya Kiuyu mpaka Wete na msimu wa karafuu ukifika napakia gunia. Nyuma ilikuwa inakwaruza chuma kwa chuma nikaipeleka gereji, wakatia breki shuu mpya pande zote mbili, dramu wakazipitisha msasa. Tangu kutoka pale gari haijakaa sawa. Mwanzo pedeli ilikuwa juu vizuri tu, halafu kila siku inashuka kidogo kidogo, saa hizi mkanyago wa kwanza unakwenda karibu na sakafu, nikipampu mara mbili tatu inapanda inakuwa ngumu na gari inasimama. Handbreki nayo mpaka nivute juu kabisa ndio inashika. Oili ya breki kwenye kikopo haipungui na sioni pahala panapovuja.

La pili, tairi la nyuma kulia linapata moto. Nikitoka Kiuyu nikifika Konde rimu huwezi kuishika na harufu ya kuungua inaingia mpaka ndani, la kushoto baridi kama hakuna kitu. Gereji wananambia masta silinda, ile pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedeli, imekufa ninunue mpya, na bei wanayotaja ni kubwa. Kabla sijatoa pesa nataka nijue, maana njia zetu hizi za Pemba mnazijua ni panda shuka, na kuna siku kina mama wa mwani wanapanda juu ya mzigo, siwezi kuwabeba watu na breki ya kubahatisha.

dereva_mkoani
Waalaykum salaam. Hapo masta silinda bwana. Gari ya shemegi yangu ilikuwa hivyo hivyo, pedeli inakwenda chini, kabadilisha masta ikatulia.

Fundi Mkoroshoni
Usinunue masta bado. Gari isitembee na mtu juu yake mpaka ujue kuna nini, hilo kwanza.

Masta silinda ikifa ndani ina dalili yake. Washa injini gari imesimama, kanyaga pedeli mpaka ishike halafu uwache mguu na uzito ule ule, usiongeze usipunguze. Ikianza kuzama yenyewe pole pole na huku nje hakuna panapovuja, ndio masta inapitisha. Ukikanyaga ukahisi kama unakanyaga godoro, huo upepo kwenye mabomba. Wewe umesema inapanda ukipampu, na inakuwa ngumu, na handbreki inakwenda juu. Hizo dalili mbili zikija pamoja maana yake shuu ziko mbali na dramu. Mkanyago wa kwanza wote unaishia kuzisogeza shuu, wa pili unazikuta hazijarudi nyuma kabisa ndio zinashika. Masta mpya utaifunga na pedeli itabaki hapo hapo chini.

Hakikisha hivi. Nyanyua nyuma, tia magogo chini ya ekseli, usiitegemee jeki, na matairi ya mbele uyatilie mawe. Nyuma ya ile sahani ya breki kuna kitundu kina kifuniko cha mpira, ingiza bisibisi ukaze ajasta, ile fimbo ya nyuzi inayozisogeza shuu karibu na dramu, kwa meno yake ya nyota mpaka tairi ligome kuzunguka kwa mkono. Pande zote mbili. Halafu nenda ukakanyage. Pedeli ikikaa juu na ngumu kwa mkanyago wa kwanza basi kesi ya masta imekwisha. Ukimaliza iregeze tena mpaka tairi lizunguke na usikie inagusa kidogo tu.

Sasa kwa nini inashuka kila siku? Mie nashuku ajasta zimegeuzwa, ya kulia imetiwa kushoto na ya kushoto kulia. Zinafanana sana lakini nyuzi zao hazifanani, moja inakaza kwa kulia na moja kwa kushoto. Ukizibadilisha pande, kile kijimkono cha kujikaza badala ya kuirefusha ajasta kinaifupisha, kwa hio kila inapojikaza inajiregeza. Hii naiona sana gari zikitoka kubadilishwa shuu, kwa sababu fundi anafungua pande zote mbili kwa pamoja anamwaga vitu vyote kwenye beseni moja la petroli. Fungua upande mmoja mmoja, ule mwengine uwe ndio ramani yako. Kujua iko sawa au siyo ni rahisi, dramu ikiwa nje kisukume kile kijimkono kwa bisibisi kama kinavyokwenda chenyewe uangalie. Fimbo ikirefuka sawa, ikifupika iko upande sio wake.

Na tafadhali usikubali mtu akukazie waya wa handbreki ili mkono ushuke. Wanafanya sana hivyo. Ajasta kwanza, waya mwisho. Ukianza na waya shuu zinabaki zimevutwa na dramu inapata moto.

Hilo tairi la kulia ni kesi nyengine, usizichanganye. Kwenye Hilux mpira wa breki unaokwenda nyuma ni mmoja tu, unatoka chesisi unaingia kwenye ekseli halafu ndio bomba zinagawika kulia na kushoto. Mpira ukifura ndani ukazuia oili kurudi, matairi yote mawili yangepata moto. Lako ni moja, basi tatizo liko kule kule kulia. Endesha mpaka lipate moto, nyanyua, ukiona halizunguki fungua kidogo nipo ya kutolea upepo ya upande ule. Oili ikiruka na tairi likaachia, oili imenaswa na presha, angalia bomba la upande ule limebanwa au limeziba. Ikitoka kidogo tu na tairi bado gumu, basi ni chuma, yaani wili silinda (ile pampu ndogo ndani ya dramu inayosukuma shuu) imekamata, au waya wa handbreki au ule mkono mdogo nyuma ya sahani unaovutwa na waya, au springi za kurudisha shuu zimechoka. Gari ya mwani mie naanza na ule mkono. Maji ya chumvi yanachuruzika kutoka kwenye bodi yanaangukia hapo hapo, kampira kake kakipasuka tu basi kutu inaingia kwenye pini yake inaganda.

Dramu ikigoma kutoka usiigonge nyundo, utaipasua. Regeza ajasta kwanza, halafu angalia usoni ina vitundu viwili vyenye nyuzi, tia bolti mbili za milimita 8, zile za spana namba 12, uzikaze kwa zamu kidogo kidogo, itatoka yenyewe. Lile vumbi usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo, laining, yaani ile nyama ya shuu inayosugua dramu, nyengine zina asbesto na vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Osha kwa maji ya sabuni.

pikapu_kwerekwe
Niko Unguja nabeba mchanga na matofali. Naunga mkono fundi hapo juu, naongeza moja. Hilux nyingi nyuma juu ya ekseli zina valvu ya mzigo, ina kifimbo kimeshika kwenye ekseli. Gari ikishuka kwa uzito kile kifimbo kinaifungua valvu na breki za nyuma zinapata nguvu zaidi, gari tupu inazipunguza ili matairi ya nyuma yasiteleze. Sasa sie wote huku tunaongeza majani ya springi ili ibebe, gari inakaa juu hata na mzigo, valvu inaona gari tupu! Breki za nyuma zinafanya kazi nusu, za mbele zinabeba kila kitu na pedi zinakwisha haraka. Kama umeongeza majani kiangalie kile kifimbo kimekaaje, kinarekebishika. Na huko kwenu kwenye chumvi huenda kimeganda kabisa.

mpakia_mwani
Ahsanteni sana. Nimefungua na rafiki yangu anajua spana, tumefuata kama fundi alivosema.

Tulianza na kukaza ajasta zote mbili, pedeli ikaja juu mkanyago wa kwanza, ngumu kabisa. Kwa hio masta nzima. Dramu ya kushoto ikatoka vizuri, tukasukuma kile kijimkono na bisibisi, fimbo inafupika, tunaiona kwa macho. Ya kulia tulitia zile bolti mbili ikatoka na mlio, mle ndani vumbi jeusi na laining imekuwa inang'aa kama kioo na nyufa nyembamba katikati, shuu mpya hizo! Tumezigeuza ajasta, kila moja upande wake, sasa kijimkono kinairefusha.

Kabla ya kufungua tulifanya ile ya nipo, oili ikatoka tone tu na tairi gumu vile vile. Tukachomoa waya wa handbreki, bado. Ule mkono mdogo ndio uliganda, mpira wake umekatika wote na pini imevimba kwa kutu, tuliupiga mafuta ukalala usiku kucha ndio asubuhi ukasogea. Nauliza, zile shuu za kulia naweza kuzipiga msasa zikaendelea? Na dramu yenyewe ina madoa ya rangi ya buluu ndani.

Fundi Mkoroshoni
Mashaallah, kazi nzuri hiyo. Shuu zenye nyufa hazipigwi msasa, tupa, na utie mpya pande zote mbili, ukitia kulia tu gari itavuta upande mmoja. Hayo madoa ya buluu ni moto, chuma kimebadilika na kinakuwa kigumu pahala pamoja pamoja, breki zitatetemeka. Ipeleke wakaikereze kwenye mashine lakini kwanza ipimwe, dramu yenyewe imeandikwa kipimo cha mwisho, mara nyingi ni milimita 2 tu zaidi ya ilivyokuwa mpya. Ikipita hapo haifai tena.

Wili silinda ya kulia nayo, nyanyua midomo ya mipira uone. Ukikuta majimaji badilisha, moto ule umeipika mipira. Usitie oili ya injini wala dizeli kwenye kikopo cha breki hata siku moja, mipira inafura yote mpaka ya masta, hapo ndio utainunua kweli. Tumia oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4 ya kopo jipya.

Kwenye ile sahani angalia pale shuu zinaposugua, kama pameliwa vishimo shuu zinanasa hazirudi. Papigwe msasa, upake grisi ya joto kidogo sana, ncha ya kidole tu. Ule mkono uutie pini mpya na mpira mpya, mpira ndio muhimu, bila ya mpira mwani utaumaliza tena. Ukirudi kutoka pwani osha chini kwa maji baridi ya bomba, halafu tembea kidogo huku unagusa breki zikauke. Usiku usilaze na handbreki imevutwa wakati dramu zimelowa, tia gia na jiwe kwenye tairi.

kijana_wa_ngezi
Samahani naingilia. Yangu nyuma kushoto imelowa mafuta ndani ya dramu, nitajuaje ni wili silinda au nini?

Fundi Mkoroshoni
Yashike. Mazito na yananuka vibaya kama kiberiti, hayo ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma, oilsili ya ekseli, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, imekufa. Mepesi na yanabandua rangi, ya breki. Kama ya difu, kabla hujatia oilsili mpya kiangalie kile kipumulio juu ya nyumba ya ekseli, kikiziba tope difu ikipata joto inasukuma mafuta yapite kwenye oilsili, utabadilisha kila mara. Shuu zilizolowa usizioshe kwa petroli, tia mpya kulia na kushoto.