Tupeane uzoefu: mafundi wa Mwanza, mnafanyaje kitambaa kiserereke vizuri kwenye meza ya cherehani?

Fundi Kirumba (mwanzisha mada)
Mwadila mafundi wenzangu. Nashonea barazani hapa Kirumba, cherehani ya kukanyaga aliyoniachia mama. Wiki iliyopita nilikuwa namalizia gauni la harusi, satini nyeupe. Napitisha mshono wa ubavuni, kitambaa kikasita upande wa kushoto, nami nikakivuta. Kumbe ukingo wa ubao umechanika, pana kibanzi kidogo kama punje ya mchele. Kikadaka uzi mmoja, mstari ukatokea kuanzia kiunoni hadi karibu na goti. Satini ndivyo ilivyo, uzi ukishavutika pasi hairudishi. Nikanunua mita mbili kwa pesa yangu, nikakata kipande cha mbele upya usiku uleule, maana harusi ilikuwa Jumamosi. Iliniuma sana. Sindano na uzi tunavihangaikia kila siku, meza tunaisahau. Wenzangu mnafanyaje?

Fundi Igoma
Pole sana dada. Mimi naikagua meza kwa soksi. Chukua soksi ndefu ya nailoni, hata iliyochanika, ivae mkononi kama glovu, kisha pitisha kiganja polepole juu ya meza yote, kingo, na pale ubao unapokutana na chuma cha cherehani. Kiganja kitupu hakisikii kibanzi kidogo, ila soksi itanasa papo hapo. Inaponasa weka alama ya chaki, piga msasa namba 240, malizia na 400, ukifuata mkondo wa mbao. Futa vumbi lote kabla ya kurudisha kitambaa.

Halafu usiishie kwenye mbao. Kagua na lile bamba lenye tundu la sindano. Sindano ikiligonga mara nyingi inaacha makovu, na kovu la chuma linachana satini kuliko kibanzi. Msasa laini kabisa uliozungushiwa kijiti unatosha kuliondoa.

Mama Mapazia, Nyegezi
Kwangu shida haikuwa vibanzi, ilikuwa uzito. Pazia la sebuleni likining'inia nje ya meza linavuta kuliko mkono wa mtu. Meno ya cherehani ndiyo yanayosogeza kitambaa nyuma, hatua moja moja. Uzito ukivuta kinyume chake, hatua zinafupika: mshono unabanana hapa, unaachana pale. Sindano nayo inapinda, inagonga bamba, inakatika. Siku moja nilikata sindano nne, nikawa nalaumu aliyeniuzia.

Nikamwita seremala wa Mkuyuni akaniundia meza ya ziada, inakaa kushoto na kuzunguka nyuma kama herufi L, juu amebandika fomaika. Nilimsisitizia apimie kimo hapa kwangu, cherehani ikiwa mahali pake, kwa sababu sakafu yangu imeinama kidogo. Meza ya ziada ikipanda juu ya ile ya cherehani hata kwa unene wa sarafu, kitambaa kinagota ukingoni na unarudi kulekule. Sasa pazia lote linalala mezani, mimi naliongoza kwa vidole tu. Kabla hujafikia kuunda meza, weka hata kiti chenye mto kushoto kwako, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Fundi Buzuruga
Msitandike ile nailoni ya maua ya meza ya chakula. Niliitandika nikidhani itateleza. Kwa joto la hapa mkono unatoka jasho, unaganda, na kitambaa kinaganda nao.

Fundi Nansio
Huku Ukerewe nashona maturubai, kibanda changu kiko karibu na maji. Wakati wa mvua ubao unavimba na uso wake unakuwa na vinyweleo, turubai linakwaruza kama linaburutwa mchangani. Nasubiri ukauke, napiga msasa, kisha nasugua mshumaa mweupe juu ya mbao na kuung'arisha kwa kitambaa kikavu mpaka nikipitisha kidole hakiachi alama. Hapo pa kung'arisha msipapuuze. Nta ikibaki nene itahamia kwenye nguo, ukipiga pasi inayeyuka na kuacha doa. Mafuta ya cherehani yasiguse uso wa meza kabisa. Na poda ya watoto niliiacha, inaingia chini kwenye meno, inachanganyika na mafuta, inakuwa tope.

Fundi Pasiansi
Wenye cherehani ya umeme ya kuweka juu ya meza: mwambieni seremala atoboe meza, cherehani izame mpaka uso wake ulingane na mbao. Mimi nilishona miaka miwili kitambaa kikishuka ngazi kila mara, na mabega yalikuwa yanauma.

Fundi Kirumba
Wabeja sana. Nimepitisha soksi jana jioni, imenasa sehemu tatu, na moja iko upande wa kulia ambako sikuwa na wasiwasi napo kabisa. Nimepiga msasa, nimeng'arisha kwa mshumaa, kiti chenye mto kiko kushoto. Leo nimeanza na shifoni, sindano namba 9, na sijaivuta hata mara moja. Fundi Nansio, mshumaa unakaa muda gani kabla ya kupaka tena?

Fundi Nansio
Mimi napaka kila Jumatatu, lakini turubai linakwangua sana. Kwa shifoni pitisha soksi kwanza. Isiponasa, acha.