Naomba ushauri: kuwafundisha watoto "kuliko" bila kuwaumiza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nafundisha watoto wa miaka 5 na 6, na mwezi huu tunajifunza kulinganisha: mrefu kuliko, ndogo kuliko, nzito kuliko zote. Nimeamua kutumia habari za Biblia ili lugha na imani viende pamoja.

Goliathi na Daudi waliwaingia vizuri. Dhiraa sita na shubiri, yaani urefu wa Goliathi, tuliipima kwa kamba sakafuni, kila mtoto akalala kando yake. Mbegu ya haradali nayo haikusumbua. (Upatanisho wa ngeli bado: "kamba mrefu" nasikia kila siku, ila hilo litakaa sawa.)

Nimekwama kwa mjane aliyetoa senti mbili, Marko 12. Yesu anasema ametoa zaidi kuliko wote kwa kuwa alitoa vyote alivyokuwa navyo, lakini watoto wanahesabu sarafu na kuniambia, "Mwalimu, hizi ni chache!" Nilijaribu vikombe viwili vya maharage, kimoja kikibaki kitupu na kingine kikibaki nusu. Wachache tu walielewa.

La pili ndilo linaloniuma. Wameanza kulinganishana wenyewe: "Mimi mzuri kuliko wewe." Mmoja alilia. Niliacha kuwasimamisha watoto mbele nikatumia vitu tu, lakini maneno yameshatoka.

Naomba mnisaidie: habari ya mjane niielezeje kwa umri huu, au niiache kwanza? Na 1 Samweli 16:7, kwamba Bwana huutazama moyo, niifundishe kwa mchezo gani ili watoto waache kupimana?