Kampuni ikitoa sadaka, KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) inapunguza nini hasa?

Muuza_Misumari: Salaam waungwana. Kampuni ni ya hadiwea, Kongowea, inalipa kodi ya kampuni ya kawaida, 30%. Tunataka kutoa 200,000 kwa shirika lenye matokeo, si lenye mabango. KRA inatambua? Na tukiipa Against Malaria Foundation ya Uingereza, ile ya neti za mbu?

Mhasibu_Tononoka: Kwanza, 200,000 hairudi. Kifungu cha 15(2)(w) cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinaruhusu ikatwe kwenye faida kabla ya kupiga kodi. Faida ikiwa milioni 2, kodi inapigwa kwa 1,800,000, yaani 540,000 badala ya 600,000. Nafuu ni 60,000. Zilizowatoka kwa kweli ni 140,000.

Sheria inataja pesa, kwa hivyo mabati na simiti msiyategemee. Wengi hukwama kwenye cheti: cha usajili hakitoshi, lazima shirika liwe na cheti cha msamaha wa kodi kutoka KRA. Hicho hudumu miaka 5, kwa hivyo soma tarehe. Kikiwa kimeisha siku mnayotoa, imekula kwenu. Ombeni nakala yake, risiti yenye jina la kampuni na PIN yake ya KRA, na barua ya shirika kwamba pesa zitatumika kwa kazi zake za hisani tu. Lipeni kutoka akaunti ya kampuni hadi akaunti ya shirika. Mkurugenzi akituma kwa M-Pesa yake kwenda namba ya meneja, hesabuni itaonekana amejichotea. Makaratasi yakae miaka 5.

Binti_wa_Likoni: Wa kodi ya mauzo ghafi, ile TOT, wasijisumbue. Kodi hiyo haikati gharama yoyote, na sadaka ni hivyo hivyo. Zaka ya mkono kwa mkono na mchango wa bili ya hospitali: thawabu ipo, nafuu haipo.

Takwimu_Pwani: Shirika la nje lisilo na cheti cha KRA halikupi nafuu. Lakini usiishie hapo, piga hesabu. Kwa mfuko uleule, ama unatoa 200,000 hapa, ama 140,000 nje. Kwa hivyo kila shilingi ya nje ifanye kazi mara 1.43 ya shilingi ya hapa. Ukilinganisha na shirika linalokodi hoteli Nyali kufanya semina, pengo hilo neti za mbu zinaliziba bila jasho. Ukilinganisha na dawa ya minyoo shuleni, sina hakika zitaliziba: mtoto anameza kidonge kimoja cha albendazole, miligramu 400, mbele ya mwalimu, basi. Utafiti wa wanauchumi Miguel na Kremer kuhusu dawa hiyo kule Busia, magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2004, ulikuta utoro umepungua kwa robo, ingawa wanatakwimu bado wanaubishania.

Muulize meneja: watoto wangapi, kila mmoja kwa shilingi ngapi, na nani wa nje aliyehesabu? Akianza kukuonyesha picha, nenda kwingine.

Muuza_Misumari: Shukran. Ndugu yangu yuko Leeds. Nikimtumia pesa aitoe yeye kwa Gift Aid, ule mpango wa kodi wa Uingereza unaoongezea sadaka?

Mhasibu_Tononoka: Hapana. Gift Aid inataka pesa iwe yake mwenyewe, na awe amelipa kodi ya kutosha huko. Akitoa pauni 100 zake na kujaza tamko, shirika linadai 25 juu yake. Za kwako ukizipitisha kwake, tamko hilo linakuwa la uongo.